Pesa mkononi mwa mkulima: Yanayobadilika na yasiyobadilika

MKULIMA mdogo wa Siaya, Busia au Bungoma hukutana na mahindi yake sokoni mara mbili kwa mwaka, kwanza kama muuzaji na baadaye kama mnunuzi. Mwezi wa Agosti, maghala yanapojaa na kila jirani ana gunia la kuuza, bei huwa ya kutupa. Hata hivyo huuza, kwa kuwa karo inadaiwa, deni la dukani linadaiwa na mchuuzi mwenye lori ameegesha njia panda. Ifikapo Aprili au Mei, ghala likiwa tupu, familia ile ile hununua mahindi kwa gorogoro kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa na uwezo wa kuyaweka. Watafiti waliochunguza masoko ya eneo hilo na mengineyo barani Afrika wamekuta kuwa bei hupanda kwa kati ya asilimia 25 na 40 kutoka msimu wa mavuno hadi msimu wa njaa.

Si kwamba mkulima haijui hesabu hiyo. Muulize, naye atakutajia bei za miaka mitano bila kutazama daftari. Anachokosa ni shilingi chache za kumwezesha kungoja.

Hasara ya pili hutokea wakati wa palizi. Magugu huota katika miezi ile ile ambayo chakula kimekwisha nyumbani. Hapo mama au baba huchukua jembe na kwenda kufanya kibarua katika shamba la mwingine, ili jioni kuwe na unga. Shamba lake husubiri wiki moja, kisha mbili, na mahindi yaliyosongwa na magugu hayawezi kuzaa kama yale yaliyopaliliwa mapema. Hivyo njaa ya mwaka huu huizaa njaa ya mwaka ujao, hata mvua ikinyesha vyema.

Ni katika miezi hiyo ambapo faida ya msaada wa pesa taslimu huonekana wazi kuliko penginepo. Msaada wa aina hii ni fedha anazopewa mhitaji azitumie kwa hiari yake, bila kuzirejesha. Si mkopo, wala si mbegu, mbuzi au gunia la unga lililochaguliwa na mtu aliyeketi mjini. Hauondoi umaskini wenyewe, lakini humpa mkulima kitu ambacho misaada mingine humpa kwa nadra, nacho ni muda wa kuamua.

Kutoka gunia hadi simu

Watu wa rika langu wanaukumbuka ukame wa 1984 kwa rangi ya mahindi. Serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng’ambo, nasi tuliokuwa shuleni tukayala kwa kunung’unika, tukisema ni chakula cha mifugo. Wakati huo, na kwa miaka mingi iliyofuata, kumsaidia mwenye njaa kulimaanisha kumpelekea chakula. Sisi wa vyumba vya habari tulichangia fikra hiyo. Gunia lenye nembo ya mfadhili hupigika picha vizuri, na waziri anayelikabidhi hupigika vizuri zaidi. Mlio wa simu unaomwarifu ajuza kwamba amepokea pesa hauna picha.

Mabadiliko yalianzia Amerika Kusini na nchi jirani na huko. Mexico ilianza mwaka wa 1997 kuzilipa familia maskini za mashambani, kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Brazil ikaunganisha mipango yake mwaka wa 2003 chini ya jina Bolsa Família. Hapa nyumbani, serikali ilianza mwaka wa 2004 kwa majaribio katika Garissa, Kwale na Nairobi, ambako jamaa waliowalea mayatima na watoto wengine wahitaji walipewa Sh500 kwa mwezi. Kiasi hicho kiliongezwa hatua kwa hatua hadi Sh2,000. Mipango ya wazee na ya watu wanaoishi na ulemavu ikafuata, na mwaka wa 2009 ukaanza mpango wa kukabiliana na njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ambako wengi ni wafugaji. Mwaka wa 2018 milango ilifunguliwa kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni nyingine. Leo mipango hiyo hujulikana kwa jina moja, Inua Jamii, na walio katika orodha yake ni zaidi ya watu milioni moja.

Katiba ya 2010 nayo iliipa hoja hiyo uzito wa sheria. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali itoe hifadhi ya jamii ifaayo kwa wale wasioweza kujikimu na kuwakimu wanaowategemea. Kwa hiyo malipo haya si fadhila ya mwanasiasa fulani, ingawa mara nyingi hutangazwa majukwaani kana kwamba yametoka mfukoni mwake.

Jambo lililorahisisha yote haya ni simu. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, haikukusudiwa kuwa chombo cha misaada. Lakini ilimaanisha kwamba shilingi inaweza kutoka Nairobi ikamfikia mkulima wa Rarieda bila kupita katika mikono ya kamati, stoo na lori. Kundi la vijana waliokuwa wakisomea uchumi katika vyuo vikuu vya Harvard na MIT, Marekani, liliona nafasi hiyo na kuanzisha shirika la GiveDirectly, ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa magharibi mwa Kenya. Tangu hapo, vijiji vya Siaya vimechunguzwa na wanauchumi kuliko pengine vijiji vingine vyovyote barani, na ndiyo sababu makala haya yatadumu huko kwa muda.

Paa la nyasi

Utafiti wa kwanza mkubwa ulifanyika Rarieda kati ya 2011 na 2013, ukiongozwa na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro. Waliostahili walikuwa wenye nyumba za nyasi, kwa kuwa paa la nyasi lilichukuliwa kuwa alama ya ufukara ambayo mtu hawezi kuighushi kwa urahisi. Miongoni mwao, waliopewa walichaguliwa kwa bahati nasibu, ili waliokosa watumike kama kipimo cha kulinganishia. Baadhi ya familia zilipata Sh25,200, nyingine Sh95,200. Baadhi zililipwa kwa mkupuo, nyingine kidogo kidogo kila mwezi. Katika nyumba zenye mume na mke, kura iliamua ni nani kati yao atakayezipokea.

Miezi michache baadaye, matumizi ya familia zilizopewa yalikuwa yameongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 yakilinganishwa na ya zile zilizokosa. Watu walikula zaidi na vizuri zaidi. Mali yao, hasa mifugo, vyombo vya nyumbani na mabati, iliongezeka kwa asilimia 58. Kipato kutokana na kilimo na biashara ndogo ndogo kiliongezeka pia. Walioulizwa kuhusu hali ya moyo walieleza kuwa na wasiwasi mdogo na furaha zaidi. Kadhalika, visa vya wanawake kupigwa na waume zao vilipungua.

Habari ya mabati inahitaji kuelezwa, maana imewahi kudhihakiwa. Niliwahi kusikia mtu msomi akiuliza inakuwaje maskini apewe pesa ya mtaji naye akaezeke nyumba. Asiyewahi kulala chini ya nyasi zilizochakaa hawezi kujua. Paa la nyasi huhitaji kufanyiwa kazi kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na nyasi nzuri za kuezekea zimeadimika tangu mashamba yalipogawanywa vipande vipande. Fundi hulipwa, nyasi hununuliwa, na mvua ikipenya huharibu mahindi yaliyowekwa darini. Bati hukomesha gharama hiyo kwa miaka mingi. Fauka ya hayo, humwezesha mwenye nyumba kukinga maji ya mvua, na binti aliyekuwa akienda mtoni mara mbili kwa siku hubakiwa na muda wa kufanya mengine. Kwa hesabu ya mkulima, huo ni uwekezaji, na watafiti wenyewe walikubaliana naye baada ya kuzipiga hesabu za gharama ya ukarabati iliyookolewa.

Namna ya kulipa pia ilibadilisha matumizi. Waliopokea kidogo kidogo kila mwezi waliimarisha chakula, huku waliopokea mkupuo wakinunua vitu vya kudumu. Haihitaji shahada kuelewa kwa nini. Sh2,800 kwa mwezi haziezeki nyumba, na asiye na mahali salama pa kuziweka atazila, tena kwa haki, kwa kuwa ana njaa.

Mkupuo au mgao wa kila mwezi?

Swali hilo lilirudi kwa ukubwa zaidi pale GiveDirectly ilipoanzisha jaribio jingine katika Siaya na Bomet. Lilianza na kijiji kimoja mwaka wa 2016, kisha likapanuliwa hadi vijiji 295. Katika vijiji 44, kila mtu mzima aliahidiwa senti 75 za dola kwa siku kwa muda wa miaka 12. Katika vijiji 80 alipewa kiasi hicho hicho kwa miaka miwili tu. Katika vijiji 71 alipewa mkupuo wa dola 500 hivi, takriban jumla ile ya miaka miwili. Vijiji 100 havikupewa chochote, vikawa vya kulinganishia. Hapa hapakuwa na kuchagua nyasi au bati, kwani kila mkazi mtu mzima alihesabiwa.

Matokeo ya miaka miwili ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 2023 na kundi la wanauchumi akiwemo Abhijit Banerjee, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019. Waliopewa mkupuo walianzisha biashara na kupata faida kuliko walioahidiwa miaka miwili ya mgao mdogo mdogo, ingawa pesa zilikuwa karibu sawa. Walioahidiwa miaka 12 nao walifanya vyema, licha ya kuwa kufikia wakati huo walikuwa wamepokea kiasi kile kile. Sababu moja ni kwamba hawa wa miaka 12 waliigeuza migao yao kuwa mikupuo kwa njia ambayo kila Mkenya anaijua: waliingia katika vyama vya kuzungushiana pesa. Mwenye hakika ya kupokea pesa kila mwezi kwa miaka mingi ni mwanachama anayeaminika, na zamu yake ikifika hununua ng’ombe au kujaza duka.

Je, watu waliacha kufanya kazi? La. Saa za kazi hazikupungua kwa jumla. Kilichobadilika ni kazi ya nani. Watu walipunguza vibarua katika mashamba ya wengine na kuongeza shughuli zao wenyewe. Msomaji akumbuke yule mama tuliyemwacha akipalilia shamba la jirani huku lake likimezwa na magugu.

Ugonjwa wa Covid-19 ulipofunga masoko mwaka wa 2020, watafiti walipiga simu vijijini humo. Waliokuwa katika mpango waliripoti njaa kidogo kuliko wenzao, japo tofauti haikuwa kubwa. Biashara walizokuwa wamezianzisha ziliumia kama za kila mtu.

Hofu ya pombe

Hakuna swali linaloulizwa mara nyingi zaidi kuhusu mipango hii kuliko lile la pombe. Linaulizwa na wafadhili, na wabunge, na pia na wanavijiji wenyewe wanapowazungumzia majirani zao. Katika Rarieda, matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Wanauchumi David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali na kuhitimisha kwamba kwa jumla watu waliopewa pesa hawakuongeza matumizi yao kwa vitu hivyo, na mahali pengine waliyapunguza.

Bila shaka wapo walevi wanaozinywa. Wapo pia watumishi wa umma wanaoinywa mishahara yao, na hakuna aliyependekeza walipwe kwa unga.

Jirani asiyepewa

Kwa muda mrefu wakosoaji walikuwa na hoja nzito zaidi ya hiyo. Ukimwaga pesa katika kijiji kimoja, walisema, bei zitapanda, na asiyepewa atakuwa amefukarishwa ili mwenzake atajirishwe. Hoja hiyo ilipimwa katika sehemu za Alego, Ugunja na Ukwala kati ya 2014 na 2017. Zaidi ya familia 10,500 katika eneo lenye vijiji 653 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, kiasi kinachokaribia robo tatu ya matumizi yao ya mwaka mzima. Wakati wa kilele, fedha zilizoingia zilifikia zaidi ya asilimia 15 ya pato la eneo zima.

Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Matumizi ya majirani ambao hawakupewa chochote yaliongezeka karibu sawa na ya waliopewa. Kila dola moja iliyoingia ilizalisha takriban dola mbili unusu za shughuli za kiuchumi katika eneo hilo, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2022.

Huenda msomaji akashuku hesabu inayofanya moja kuwa mbili na nusu, na ni haki yake. Maelezo yake ni haya. Tembelea kinu cha kusaga katika kijiji chochote siku ya katikati ya wiki. Mwenye kinu ameketi kivulini, mashine imezimwa, anangoja wateja. Vivyo hivyo fundi cherehani, kinyozi, mwendesha boda boda na mwenye duka. Wateja wakiongezeka, mwenye kinu hana haja ya kununua mashine ya pili wala kupandisha bei. Huwasha tu ile aliyo nayo. Anachopata hukitumia kwa fundi, fundi kwa muuza samaki, na muuza samaki kwa mwenye kinu. Pesa huzunguka mara kadhaa kabla ya kuondoka kijijini. Hata hivyo, mahali ambapo hakuna mashine inayongoja, wala njia ya kuleta bidhaa, hesabu hiyo haiwezi kutazamiwa kuwa ile ile.

Vijiji hivyo hivyo vilitoa habari nyingine mwezi wa Agosti 2025, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote. Watafiti walirejea na kuhesabu watoto waliozaliwa na waliofariki. Katika familia zilizopokea dola 1,000, vifo vya watoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Upungufu huo ulikuwa mkubwa zaidi pale pesa zilipofika karibu na wakati wa kujifungua. Akina mama walifanya kazi kidogo katika miezi ya mwisho ya ujauzito na ile ya kwanza baada ya kujifungua, walikula vyema zaidi na wengi zaidi walijifungulia hospitalini. Manufaa yalionekana hasa kwa walioishi karibu na kituo cha afya chenye daktari. Aliyekuwa mbali alikuwa na pesa, lakini hakuwa na pa kuzipeleka.

Pesa isipotosha

Jambo hilo la mwisho Wakamba walilijua kabla ya wanauchumi. Njaa iliyoikumba Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1980 huitwa Nikwa Ngwete, maana yake nitakufa nikiwa nazo. Watu walikuwa na shilingi mikononi, lakini madukani hamkuwa na chakula cha kununua. Mahali ambapo soko limevunjika, iwe kwa ukame, vita au barabara iliyosombwa na mafuriko, gunia la chakula lingali na kazi yake. Mwenye kudai kwamba pesa zimefuta haja ya misaada mingine yote hajafika kaskazini wakati wa kiangazi kikali.

Kuna mipaka mingine. Utafiti wa Rarieda haukuona mabadiliko ya maana katika elimu au afya, labda kwa sababu familia zilizochunguzwa zilikuwa chache na muda ulikuwa mfupi. Miaka mitatu baadaye, waliopewa walikuwa bado na mali zaidi kuliko majirani zao waliokosa, lakini wachumi walibishana vikali kuhusu tafsiri ya takwimu hizo na iwapo majirani hao walikuwa wamedhurika. Utafiti mkubwa wa baadaye ulituliza sehemu ya ubishi huo, si wote. Vilevile pesa haziwezi kumpa mkulima afisa wa kilimo wa nyanjani ambaye hajaonekana tarafani kwa miaka, wala kurekebisha bei ya mbolea, wala kuongeza ukubwa wa robo ekari aliyorithi.

Halafu kuna suala la uaminifu. Mwaka wa 2015, wajumbe wa GiveDirectly walipoingia kaunti ya Homa Bay, karibu nusu ya familia walizozifikia zilikataa kupokea. Palizuka uvumi kwamba pesa hizo ni za mashetani, kwamba atakayezila atadaiwa mtoto. Wengi walicheka waliposoma habari hiyo. Mimi sikucheka. Mtu aliyeishi miaka 50 bila kuona mgeni akitoa pesa nyingi bila kudai kura, ardhi au dini, ana kila sababu ya kuuliza zinatakiwa zilipwe na nini.

Wizi nao haukosekani, hata pesa zipitie katika simu. Mwaka wa 2022, katika mkoa wa Kivu Kusini huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, shirika hilo hilo liliibiwa takriban dola 900,000, na baadhi ya wahusika walikuwa wafanyakazi wake wenyewe waliochezea usajili wa laini za simu. Lilitangaza hasara hiyo lenyewe mwaka uliofuata.

Elfu mbili za nani?

Mkulima wa kawaida wa Kenya, hata hivyo, hatakutana na shirika kutoka Marekani. Akifikiwa na msaada wa pesa, utakuwa wa Inua Jamii. Hapa ndipo tofauti kati ya utafiti na maisha inapoonekana. Kiwango cha Sh2,000 kwa mwezi kiliwekwa miaka zaidi ya kumi iliyopita, na kufikia 2025 kilikuwa hakijabadilika, ilhali bei ya unga, sukari na nauli haikungoja. Mpango wa kaskazini uliongezewa hadi Sh2,700. Mahali pengi Sh2,000 ndizo zinazomlisha bibi pamoja na wajukuu watatu aliowachiwa.

Kwa miaka mingi malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, na mara nyingi huchelewa na kulimbikizwa. Serikali hutangaza baadaye kwamba imelipa malimbikizo yote, nasi huandika hivyo, nayo ni kweli. Shilingi zote zimefika. Lakini tumekwisha kuona kwamba kwa mkulima kiasi si kila kitu. Ajuza mwenye nusu ekari akiwa na hakika kwamba pesa zitaingia wiki ya kwanza ya Machi, atakopa mbegu leo na mwenye duka atamkubalia. Asipokuwa na hakika, mwenye duka atatikisa kichwa. Pesa za Januari zinazofika Mei zitanunua unga, na hazitanunua mbegu, kwa sababu msimu wa kupanda umepita.

Wapo pia wasiofikiwa. Kitambulisho kilichopotea au kilichoandikwa mwaka wa kuzaliwa usio sahihi kinaweza kumweka mzee nje ya orodha. Mikono iliyoshika jembe kwa miaka 60 wakati mwingine huwa imesagika kiasi kwamba mashine ya alama za vidole haiitambui. Na anayetakiwa kusafiri hadi mjini kwenye benki hutoa nauli kutoka katika pesa zile zile anazozifuata. Anayeamini kwamba mzazi wake ameachwa aanze kwa naibu wa chifu na afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, akiwa na kitambulisho cha asili, na adai kuonyeshwa kama jina limeandikishwa.

Katika vijiji vile 44 vya Siaya na Bomet, malipo ya miaka 12 yanatarajiwa kukamilika karibu na mwaka wa 2030. Watoto waliozaliwa humo yalipoanza watakuwa wamefika umri wa kuingia sekondari msingi, na watafiti watabisha hodi tena, wakiuliza walikula nini, walisoma hadi wapi, na ni nani aliyewapalilia wazazi wao shamba.